Vidato Thelathini na Vinane

Baba anataka Nara.
Hakusema hivyo. Alisema,
"Sijui vile vigae vinaendeleaje,"
kama mtu anayemuulizia shangazi mgonjwa,
kisha akaendelea kumenya chungwa.

Nikatoa daftari la bili za gesi,
nikapiga hesabu nyuma ya ukurasa wa Februari.
Treni kutoka Tsuruga, ile ya polepole.
Machi mwanzoni, kabla cheri haijachanua
na bei kuchanua nayo.
Malazi: usiku wa kwanza, usiku wa pili,
na wa tatu nikaufuta kwa kifutio.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
sisi hata jembe lingetushinda bei.

Hoteli zenye bustani zina bei za watu wenye bustani.
Nikashuka orodha kama mtu ashukaye kisimani
hadi chini kabisa, ilipo Minazuki:
yeni elfu nne na mia mbili kwa kichwa,
godoro la kukunja,
choo cha ushirika mwisho wa ukumbi,
bafu hufungwa saa nne usiku,
taulo za kukodi, mswaki uje nao.

Baba akauliza swali moja tu:
"Dirisha linafunguka?"

Nikapiga simu. Bi Isoko, mwenye hoteli,
ana sauti ya mtu aliyezoea kuitia jikoni.
"Linafunguka," akasema, "ila linafungukia ukuta.
Ukuta wa duka la tofu. Alfajiri mtanusa soya."
Na kuta zetu nyembamba, akaongeza bila kuulizwa,
anayekoroma chumba cha pili
huwaamsha hadi wa chumba cha saba.
Sijawahi kusikia mtu akiuza kitu namna hiyo.
Nikampenda.

Miaka arobaini na mmoja imepita
tangu baba akae miezi minane juu ya paa la hekalu,
akila wali na figili za chumvi,
akilala bandani na mafundi kumi na wawili.
Safu ya nne kutoka ukingoni, upande wa magharibi,
kipo kigae alichokiandika kwa wino
tumboni, pasipoonwa na mvua wala mtu:
jina lake, tarehe,
na maneno mawili, *nina njaa*.
Hakumwambia yeyote. Si mama, Mungu amrehemu.
Mimi kaniambia juzi, mdomo umejaa chungwa.

"Paa la hekalu," nikamuuliza Bi Isoko, "linaonekana?"
"Chumbani, la. Lakini juu tunakoanika mashuka
unaliona lote, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala."
"Lifti?"
Akacheka, bila dharau.
"Vidato thelathini na vinane.
Vya mwisho vimesimama wima kama vya darini."

Nikaziba simu kwa kiganja, nikamweleza baba.
Goti lake la kushoto hulia kama bawaba.
Nilishaandaa neno la kumfariji.
"Pana pa kushikia?"
Nikauliza. Papo.
"Mkono gani?"
Nikauliza. Wa kulia, mtu akipanda.
Akatema mbegu kiganjani.
"Kushuka, nitashuka kwa makalio."

Tarehe tatu na nne, watu wawili.
Bi Isoko akataka jina la baba,
akauliza linaandikwa kwa herufi zipi,
nikamtajia moja moja,
nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi
upande unaosomeka.

Sasa kila jioni, vyombo vikishaoshwa,
baba anavaa koti na kutoka, eti kutupa taka.
Taka gani, tuko wawili.
Ngazi za jengo letu zina vidato kumi na vitatu.
Namsikia akipanda, bawaba ikilia,
akishuka, akipanda tena.
Mara ya tatu huwa anasimama
kidato kimoja kabla ya mlango wetu,
anahema, hagusi kitasa.

Siku ya kwanza nilidhani amechoka.
Nikahesabu.